Mwenyeji Wetu wa Mwaka 2021 Sasa Ni Mgeni Wetu

MASWALI YA WASOMAJI

Barua za mwezi huu zilikuwa nyingi, lakini tatu kati yake zinauliza jambo moja kutoka pande tatu: mtu aliyetendewa mema anadaiwa nini, kwa muda gani, na mpaka wapi. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zile nyingine, kwa sababu naamini nyumba nyingi za mji wetu wa Bukavu zinaiishi habari hiyo hivi sasa bila kumwandikia mtu yeyote.

SWALI LA KWANZA

Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Bagira. Mwezi wa tano mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulikuwa tunaishi Goma. Amri ya kuhama ilipotolewa tulitembea kwa miguu mpaka Sake, mtoto wa mwisho akiwa mgongoni, na huko Papa mmoja, baba mwenye jamaa yake, ambaye hatukumjua hata kwa sura akatufungulia nyumba yake. Tulilala kwake siku 14. Mke wake alikuwa akiwapakulia watoto wangu kabla ya watoto wake. Baadaye mume wangu alihamishiwa kazi Bukavu. Vita vilipofika kwao, Papa yule na jamaa yake, watu saba kwa jumla, walipoteza kila kitu wakatufuata huku, na sasa ni mwezi wa saba tuko nao katika vyumba vitatu. Mume wangu anasema kwamba deni letu lilikuwa la siku 14 na tumekwisha kulilipa mara kumi na tano, na kwamba hata wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jirani naye ananong'ona kwamba wageni wetu wana pesa ambazo wamezificha. Je, ni dhambi kuwaambia waende?

JIBU

Mama yangu, pole sana, na pole hii uipokee pamoja na mume wako. Watu 13 katika vyumba vitatu si jambo la kusemea juujuu. Gunia la makala (makaa ya kupikia) lililokuwa likimaliza mwezi sasa halifiki nusu ya mwezi, foleni ya choo inaanza kabla ya jua kutoka, na watoto wanakwenda shuleni na usingizi machoni. Anayekuhimiza kushukuru bila kuuona mzigo huo hakutendei haki. Kwa hiyo sitamwita mume wako mtovu wa fadhila, kwa maana mwanamume aliyelisha watu saba zaidi kwa miezi saba amefanya kazi ambayo Mungu ameiona. Ningependa tu tuitazame hesabu yake, kwa sababu nadhani hesabu hiyo ndiyo inayomtesa kuliko hata njaa ya nyumba.

Methali aliyoitaja ni ya kweli, ila tuisikilize mpaka mwisho wake. Wazee walisema siku ya tatu mpe jembe; hawakusema mwonyeshe mlango. Anayepewa jembe anapewa nafasi katika kazi ya nyumba, anatoka kwenye mkeka wa mgeni na kuingia shambani pamoja na wenyeji. Nitalirudia jembe hilo baadaye.

Katika Maandiko kuna mji mdogo ambao natamani mume wako aufahamu. Unaitwa Yabesh-gileadi, nao ulikuwa ng'ambo ya Yordani. Sauli alipokuwa ndiyo kwanza amepewa ufalme, Nahashi Mwamoni aliuzingira mji huo na kutaka kumng'oa kila mtu jicho la kuume, na wazee wake wakamwomba muhula wa siku saba ili watafute mtu wa kuwaokoa (1 Samweli 11). Sauli alikuwa akitoka kondeni nyuma ya ng'ombe wake aliposikia kilio; akakusanya watu, akaingia katikati ya kambi ya Waamoni alfajiri, na jua lilipokuwa kali vita vilikuwa vimekwisha. Ukipenda kuhesabu, ni fadhila ya nusu siku.

Miaka ikapita. Matendo 13:21 inamhesabia Sauli miaka 40 ya kutawala, na katika miaka hiyo mtu yule aliharibika: aliiasi sauti ya Mungu, alimwinda Daudi milimani, aliagiza makuhani wa Nobu wauawe, na usiku wa kuamkia vita vyake vya mwisho akaenda kuagua kwa mwanamke wa Endori. Alipokufa mlimani Gilboa, Wafilisti walimkata kichwa wakautundika mwili wake ukutani Beth-shani, na Israeli wakawa wanaihama miji yao kwa hofu. Hakukuwa na kitu chochote cha kupata kwa maiti ile, wala heshima, wala malipo, na aliyeisogelea alikuwa akiyahatarisha maisha yake. Hapo ndipo mashujaa wa Yabesh-gileadi walipoondoka, wakatembea usiku kucha, wakavuka Yordani, wakaushusha mwili wa Sauli na miili ya wanawe, wakarudi nayo kwao, wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba (1 Samweli 31). Siku saba walizomwomba Nahashi wakitetemeka, na siku saba walizofunga kwa ajili ya Sauli. Mimi siwezi kuzisoma siku hizo bila kufunga kitabu kwa muda.

Kama wangehesabu kwa namna ya mume wako, wangekuwa na hoja nzuri sana. Wangesema: tulisaidiwa nusu siku, tumemtumikia mfalme huyu miaka 40 kwa mazao yetu na kwa vijana wetu wa vita, tena mwisho wake amekuwa mbaya, basi hatudaiwi. Hawakusema hivyo. Na fikiria, Mama, kwamba wengi wa wale waliotembea usiku ule walikuwa watoto wadogo Nahashi alipokuja, au walikuwa hawajazaliwa. Mtu fulani aliwasimulia. Mama fulani wa Yabeshi, jioni moja akipakua chakula, alimwambia mwanawe: jicho lako la kuume unaliona kwa sababu ya Sauli. Watoto wako wanne wanayaona yanayotendeka katika vyumba vile vitatu, na yule uliyembeba mgongoni mpaka Sake hakumbuki barabara ile. Atakayokumbuka ni haya ya Bagira.

Nina sababu ya kuusemea mji huo kwa uchungu. Nilipokuwa kijana, muuza vitambaa mmoja wa soko la Kadutu alinilipia minervali, yaani karo ya shule, miaka miwili, naye hakuwa ndugu yetu. Mama yangu alikuwa akimshonea tu. Baadaye moto uliiteketeza bidhaa yake yote. Siku moja nilikuwa Muhanzi, kando ya ziwa, nikamwona akishusha magunia ya makala kutoka katika mtumbwi. Unga mweusi ulikuwa umegandamana na jasho shingoni mwake, na alikuwa amejifunika kichwa kwa gunia tupu lililokunjwa pembe. Mimi nilivaa shati jeupe, nami nilikuwa na wenzangu wawili wa kazini. Niligeuza uso nikajifanya natazama ziwa. Aliniona, kwa sababu alisimama kidogo na mzigo mgongoni, kisha akaendelea kupanda. Siku tatu sikulala vizuri. Siku ya nne nilirudi, nikamngoja penye njia ile ile, nikamwomba msamaha mbele ya wachukuzi wenzake. Aliniuliza jambo moja tu: kama mama bado anashona.

Maandiko yana neno kwa jambo hili, nalo Kiswahili chetu kimelipokea vizuri: fadhili. Ndilo linalorudiwa katika mistari yote 26 ya Zaburi 136, ya kwamba fadhili zake ni za milele. Deni lina tarehe ya mwisho, lakini fadhili hazina. Ruthu hakuwa na deni lolote kwa Naomi. Sheria na desturi zilimruhusu kurudi kwao Moabu, na Orpa aliyerudi hakulaumiwa hata kwa neno moja. Ruthu aliambatana na mkwewe siku ambayo mkwewe hakuwa na mume, wala mwana wa kumpa, akaenda kuokota masazo ya shayiri kwa mikono yake ili wale wote wawili.

Sasa turudi kwenye jembe. Daudi alipomtafuta mtu wa nyumba ya Sauli ili amtendee mema kwa ajili ya rafiki yake Yonathani, mwana wa Sauli, alimpata Mefiboshethi, mlemavu wa miguu, akiwa amehifadhiwa Lo-debari nyumbani kwa mtu aitwaye Makiri (2 Samweli 9). Sote tunakumbuka kwamba alimketisha mezani pake. Tunasahau kwamba alimrudishia pia mashamba ya babu yake, akamwagiza Siba, mtumishi wa nyumba ya Sauli aliyekuwa na wana 15 na watumishi 20, ayalime kwa ajili yake. Mefiboshethi alikula kwa mfalme, lakini alikuwa na mazao yake mwenyewe. Mnyonge anayelishwa tu, hata kwa upendo, mwisho hushindwa kuwatazama usoni wanaomlisha, na huenda Papa yule wa Sake anaumia zaidi ya mnavyoumia ninyi.

Ushauri wangu ni huu. Jioni moja watoto wakishalala, kaeni wanne, wewe na mume wako pamoja na Papa na mke wake. Mume wako aanze kwa kuisimulia tena Sake, kwa sauti, siku zote 14, na asiharakishe. Kisha mseme ukweli wote wa nyumba: kodi ni kiasi gani, makala ni kiasi gani, nini kimebaki. Mzee huyo alikuwa na nyumba yake. Anajua hesabu za nyumba. Mwulizeni anaweza kushika kazi gani. Labda mke wake anaweza kuweka meza ya sambaza (samaki wadogo wa ziwa) au ya maharage barabarani, nanyi mkampa mtaji wa kwanza. Labda kuna kipande cha shamba cha kukodi kwa msimu. Labda baada ya miezi michache chumba kimoja cha karibu kinaweza kupangwa kwa mchango wa pande zote mbili, na wakusanye nguvu huko huku mkiendelea kula pamoja Jumapili. Kuhamia huko si kufukuzwa, na kuwasaidia wafike huko si dhambi. Dhambi ingekuwa kuwafungia mlango na kusema tumelipa.

Kuhusu mnong'ono wa jirani, nakuomba usiupe nafasi. Daudi mwenyewe aliteleza hapo. Siba alimjia njiani na mikate na divai, akamwambia kwamba Mefiboshethi amebaki Yerusalemu akitumaini ufalme, na Daudi bila kumsikiliza mshitakiwa akampa Siba mali yote (2 Samweli 16). Vita vilipokwisha, Mefiboshethi alimjia mfalme akiwa hajaosha miguu, hajakata ndevu wala kufua nguo tangu siku mfalme alipoondoka (2 Samweli 19). Uaminifu wake ulikuwa umeandikwa mwilini mwake, na mfalme hakuwa ameuliza.

Nikuongezee jambo moja ambalo wahubiri wengi hulipita. Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, akafika Mahanaimu amechoka na watu wake wana njaa, waliomletea vitanda, mabakuli, vyungu, ngano, unga, maharage, dengu, asali na kondoo walikuwa watu watatu, na mmoja wao alikuwa Makiri wa Lo-debari (2 Samweli 17:27). Ni yule yule aliyemhifadhi mjukuu wa Sauli wakati ambao haikuwa na faida kwake. Sasa mfalme mwenyewe alikuwa mkimbizi, na mlango uliofunguka ni ule uliokwisha kuzoea kufunguka. Wewe na mimi tunaoishi kando ya ziwa hili tunajua jinsi mwenyeji wa mwaka huu anavyoweza kuwa mkimbizi wa mwaka ujao. Papa yule wa Sake alijua hivyo pia siku alipowafungulia.

SWALI LA PILI

Mwalimu, nakuandikia kutoka Lubumbashi, nina umri wa miaka 26. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 12, na patroni wangu wa sasa ndiye aliyenichukua, akanisomesha, akanifundisha biashara ya unga wa mahindi unaopitia Kasumbalesa. Kwangu mimi ni baba. Mwaka huu ameanza kunitaka nitie sahihi karatasi mbili kwa kila lori, moja yenye uzito wa kweli kwa ajili yetu, na nyingine yenye uzito mdogo kwa ajili ya watu wa duane, yaani forodha. Nilipositasita aliniambia: "Nilipokuokota hukuniuliza maswali." Nikikataa nitakuwa msaliti. Nikikubali nitakuwa mwongo. Nifanye nini?

JIBU

Mwanangu, maneno yale ya patroni wako yamekuchoma kwa sababu yamegusa jambo la kweli na kulipotosha. Ni kweli alikupokea. Lakini fadhila inayotumiwa kama kamba ya kumfungia mtu imegeuka kuwa kitu kingine, na wewe hukuuzwa kwake siku ile ulipokuwa na miaka 12.

Mfikirie Yusufu katika nyumba ya Potifa. Alikuwa mtumwa aliyenunuliwa, naye Potifa akamwinua mpaka akaweka mkononi mwake kila alicho nacho. Mke wa Potifa alipomshawishi, jibu la Yusufu lilianzia kwenye shukrani: bwana wangu hajui lililo nyumbani, ameweka vyote mkononi mwangu, hakunizuilia kitu, basi nifanyeje ubaya huu mkubwa na kumkosa Mungu? (Mwanzo 39:8-9). Kwake kule kuaminiwa kulikuwa sababu ya kukataa. Hapo pana funguo yako. Wewe pia unaweza kukataa kwa jina la fadhila yenyewe, kwa kuwa mtu aliyekulea ukiwa yatima hastahili kuona jina lake likiandikwa kwenye karatasi ya uongo, na sahihi ya kijana anayempenda ikiwa chini yake.

Kuna mfano wa upande wa pili, nao unanitisha. Daudi alipotaka kuficha dhambi yake na mke wa Uria aliandika barua kwa Yoabu, mkuu wa jeshi lake, akaituma kwa mkono wa Uria mwenyewe: mwekeni mbele penye vita vikali, kisha mwacheni apigwe afe (2 Samweli 11). Yoabu alitii. Hakuuliza swali hata moja. Wengi wangemsifu kwa uaminifu, lakini ukisoma mstari wa 17 utaona kwamba hakufa Uria peke yake. Walianguka na wengine miongoni mwa watumishi wa Daudi, watu ambao barua haikuwataja, wenye wake na watoto wao. Karatasi ya uongo haiumizi yule tu iliyoandikwa kwa ajili yake. Katika biashara yako, siku lori litakapopimwa tena, dereva ndiye atakayelala kizuizini kabla ya patroni.

Ni nani basi aliyekuwa mwaminifu kwa Daudi katika habari hiyo? Nabii Nathani, aliyekuja mbele yake akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Na angalia njia aliyotumia: aliingia kwa mfalme kwa hekima, akaanza na kisa cha maskini na mwana-kondoo wake mmoja, akamngoja mfalme mwenyewe akasirikie uovu. Wala hakumwacha baada ya hapo. Miaka mingi baadaye, Daudi akiwa mzee asiyepata moto hata akifunikwa nguo, Nathani bado alikuwa nyumbani mwake, akihakikisha kwamba neno la mfalme juu ya Sulemani halipotei (1 Wafalme 1).

Yonathani naye alibeba mzigo unaofanana na wako, maana baba yake ndiye aliyemtaka ashiriki kumwua rafiki. Alimtetea Daudi mbele ya baba yake kwa maneno ya adabu, akakataa kumtoa, akarushiwa mkuki, akaondoka mezani kwa hasira kali bila kula. Hata hivyo hakumwacha baba yake vitani. Walikufa siku moja Gilboa. Alimkatalia baba yake lile lililokuwa baya, akampa yote mengine.

Kwa hiyo usimkatalie patroni wako mbele ya wafanyakazi, wala kwa ujumbe wa simu. Nenda kwake nyumbani jioni, umsalimie kama mtoto anavyomsalimia baba, umkumbushe yale aliyokufanyia, jambo kwa jambo, pamoja na madogo ambayo huenda ameyasahau. Kisha umwambie kwamba karatasi ile ya pili hutaitia sahihi, na kwamba kazi nyingine zote uko tayari kuzifanya usiku na mchana. Umfanyie na hesabu: uzito wa kweli ukilipiwa, faida inapungua kiasi gani kwa kila lori, na wapi mnaweza kufidia. Mfanyabiashara husikia hesabu hata pale asiposikia mahubiri. Akikufukuza, ondoka bila kumchafua jina mjini, na siku utakaposikia ni mgonjwa uwe wa kwanza kufika.

SWALI LA TATU

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kadutu kwa miaka mingi. Nilimlea mtoto wa marehemu dada yangu mpaka akapata diploma ya Leta (ya kumaliza sekondari), nikauza hata redio na cherehani ili aende Kinshasa kusoma. Leo ana kazi nzuri, na simu yangu haipokei. Wenzangu wananiambia: tenda wema nenda zako. Je, Maandiko yananikataza hata kuumia?

JIBU

Hayakukatazi, ndugu yangu mwalimu. Methali ile inamfundisha mtendaji asikae mlangoni akingoja malipo. Haikumpa ruhusa aliyetendewa kusahau. Bwana wetu mwenyewe aliwatakasa wakoma kumi, akarudi mmoja tu, tena Msamaria, naye akauliza waziwazi: "Hawakutakaswa wote kumi? Wale kenda wa wapi?" (Luka 17). Aliwahesabu, kwa maana alitambua nani hayupo. Lakini husomi mahali popote kwamba ukoma uliwarudia wale tisa. Uponyaji ulibaki kwao, kama elimu uliyompa mpwa wako itakavyobaki kwake hata asipokupigia simu kamwe.

Wala si vibaya kumkumbusha. Yusufu gerezani alimwambia mkuu wa wanyweshaji kwa maneno wazi: unikumbuke mambo yako yatakapokuwa mema. Mnyweshaji akamsahau miaka miwili mizima, kisha siku moja mbele ya Farao akasema, "Nayakumbuka makosa yangu leo" (Mwanzo 41:9). Watu wengine kusahau kwao ni aibu zaidi kuliko kiburi. Kadiri siku zinavyopita bila kupiga simu, ndivyo simu inavyozidi kuwa nzito mkononi. Mwandikie ujumbe usiotaja pesa. Mwambie habari za kaburi la mama yake, kama nyasi zimekatwa, na kwamba cherehani ile hukuijutia, ikiwa kweli hukuijutia. Ikiwa bado unaijutia, ngoja kwanza.

Nawe ujiandae kwa siku atakayorudi, kwa sababu kupokea shukrani nako kuna adabu yake. Mwingine kati ya wale watatu waliomletea Daudi chakula Mahanaimu alikuwa Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80. Ufalme uliporudi, Daudi alimwalika aende Yerusalemu akalishwe huko. Barzilai akamshukuru, akasema ulimi wake hauwezi tena kuonja atakachokula wala masikio yake kusikia sauti za waimbaji, naye alitaka kufa katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Lakini hakuizima fadhila ya mfalme. Alimtoa Kimhamu, kijana, akasema huyu na aende, umtendee yatakayokuwa mema machoni pako (2 Samweli 19). Kwa hiyo mpwa wako atakapokuuliza akulipe nini, huenda hutahitaji kitu tena. Lakini katika darasa lako la Kadutu hakukosi mtoto ambaye minervali yake haijalipwa tangu mwanzo wa mwaka, nawe unalijua jina lake.

Daudi alipokuwa karibu kufa aliwataja wana wa Barzilai kwa Sulemani, wawe miongoni mwa walao mezani pake. Baada ya hapo habari zao zinakoma kwa muda mrefu sana. Kisha, karne nne baadaye, Yerusalemu ukiwa umeanguka na mabaki ya watu wakikimbia kuelekea Misri na wanawake na watoto wao, Yeremia anaandika katika sura ya 41 kwamba walipumzika mahali palipo karibu na Bethlehemu, mji wa Daudi. Mahali hapo palikuwa bado panaitwa kwa jina la Kimhamu.